Fagio la Damu

Ta-ta-ta-ta. Kifuniko cha sufuria kilicheza gizani, kabla hata jirani hajakohoa kikohozi chake cha alfajiri. Jikoni, kijana ambaye mtaa mzima ulimwita Profesa, ingawa shule ilimuaga mapema, alikuwa akichemsha majani ya chai, ndimu na chumvi.

"Unapika nini saa hizi?" dada yake aliuliza kutoka chumbani.

"Riziki, dada."

"Riziki yako naijua. Watu wakija tena kugonga mlango wangu kwa ajili yako, siku hiyohiyo godoro lako litalala nje, na wewe juu yake."

Profesa alicheka, lakini si sana. Hakuwa na pengine pa kulala duniani.

Jana yake, kwa kinyozi, alisikia kwamba kampuni ya malori itawapima madereva dawa za kulevya. Wenzake walisikia habari. Yeye alisikia soko. Saa moja asubuhi alikuwa getini kwa kampuni, amevaa koti jeupe la kuazima kwa kinyozi, na chupa kumi na moja kikapuni.

"Wakubwa, mwili hausahau haraka! Pombe huwahi kuondoka, lakini bangi ni mgeni asiyeaga. Kwa aliyeonja mara moja, siku tatu, nne. Kwa aliyezoea, hata mwezi, imejibanza kwenye mafuta ya mwili. Lakini hili Fagio la Damu linafagia kwa nusu saa!"

Hayo ya mwezi yalikuwa kweli tupu. Tapeli hodari ni kama fundi mwashi: chini hupanga mawe machache ya kweli, juu akamalizia kwa matope.

"Onja wewe kwanza," alisema dereva mmoja mwenye kitambi. "Mimi sinywi cha mtu mpaka mpishi ameonja."

"Naonja, shemeji!" Akashusha glasi nzima.

Wa pili naye akataka chupa yake ionjwe. Wa tatu vilevile. Chupa kumi na moja zikanunuliwa zote, na glasi kumi na moja zikawa tumboni mwa Profesa, ambaye sasa alitembea kama mtu aliyebana yai katikati ya magoti.

Choo kilikuwa kimoja, na ufunguo ulining'inia shingoni mwa mama mpimaji, aliyeketi mlangoni na miwani yake.

"Mama, nakuomba, choo!"

"Leo choo ni kwa kopo, mwanangu. Hakuna kopo, hakuna choo."

"Mimi si dereva!"

"Kibofu chako kimeuliza hilo?"

Profesa alipokea kopo. Akatoka na uso wa mtu aliyesamehewa dhambi zote. Mama akachovya kijikaratasi chake, akasubiri, akakitazama.

"Bangi."

"Haiwezekani! Nimeacha wiki tatu sasa!"

"Wewe umeacha. Mwili bado."

Vichwa kumi na moja viligeuka pamoja.

"Jamani," alisema mwenye kitambi, "huyu amekunywa glasi kumi na moja!"

"Na nyie wenye chupa mkononi," mama aliwaita kwa upole, "njooni mbele. Madereva wako thelathini, vipimo nilipewa kumi na viwili. Tangu nifike najiuliza nianze na nani. Huyu bwana amenichagulia. Ahsante, mwanangu."

Lakini mwanawe alikuwa ameshavuka barabara, koti jeupe likipepea.

Mchana mlango uligongwa. Dada mtu alifungua, binti yake wa miaka minne akiwa ameshika gauni lake. Nje walisimama wanaume kumi na moja, wote wamenyang'anywa usukani kwa mwezi mzima.

"Kaka yako yupo?"

Dada alikumbuka kiapo chake. Akamfikiria pia huyo mpumbavu wake wa pekee, aliyezaliwa baada yake na kubebwa mgongoni mwake. Moyo ukamlainika.

"Hayupo. Amesafiri tangu juzi."

Wanaume wakatazamana, wakaanza kugeuka.

"Mjomba yuko chini ya kitanda, anataka kukojoa," alisema mtoto.