Nafasi Moja ya Kwenda Lyon

Jumatatu, 3 Oktoba
Tangazo limebandikwa. Idara yetu ya Kifaransa ina nafasi ya kwenda Lyon muhula mzima. Moja tu! Usaili ni wiki ijayo, mbele ya Madame Gharsallah peke yake, kuhusu maisha ya watu wanaozungumza Kifaransa duniani. Ghassen ameshaanza kusoma. Huyu Ghassen akikusalimia kwa Kifaransa utadhani anasoma taarifa ya habari. Akienda yeye, mimi nahamia Libya. Sitasoma. Nitafikiri.

Jumanne, 4 Oktoba
Nimejaribu kuzungumza Kifaransa tu hapa nyumbani. Mama kaniambia nile au niende kwa Wafaransa wangu wakanipikie. Nimekula. Kwa Kiarabu.

Alhamisi, 6 Oktoba
Nimepata! Jumamosi ni Maulidi. Mji wetu wote wa Sousse utapika asida ya zgougou, ule uji mweusi wa mbegu za msonobari, na mabakuli yatazunguka nyumba kwa nyumba. Nitampelekea Madame. Lyon sitaitaja hata kidogo. Atakula tu, na siku ya usaili ataukumbuka utamu.

Nimekwenda madukani Bab Jedid kutafuta kapu la kubebea bakuli. Lipo la kawaida, na lipo la utepe mwekundu, lenye manukato, udi na kitambaa cha hariri. Nikachukua la utepe. Mwenye duka akanishika mkono kwa mikono yote miwili, akanipa hongera, akaniombea Mungu anikamilishie. Watu wamekuwa na adabu siku hizi.

Jumamosi, 8 Oktoba
Nimevaa suti. Mama kanikumbusha kwamba bakuli hupelekwa na watoto au wanawake, na mwanamume haendi mwenyewe na suti ila ana jambo. Nikamwambia mambo ya chuo hayajui.

Mlango ulifunguliwa na mama yake Madame. Akatazama kapu. Akanitazama mimi. Akapiga kigelegele. Kwa uji? Akatoka Madame, wakatoka shangazi wawili, na nyuma yao Yosr, dada mdogo wa Madame, anayesomea uuguzi. Nikaketishwa katikati. Wakaniuliza baba yangu anafanya kazi gani, kama tumejenga au tumepanga, kama navuta sigara. Nikajua Madame kaanza usaili mapema. Nikajibu kwa Kifaransa kilichonyooka, wakaridhika sana. Yosr peke yake ndiye aliyenitazama kama samaki wa juzi.

Jumapili, 9 Oktoba
Mama kapigiwa simu na kina Madame. Sasa amekaa na kitambaa cha maji kichwani. Kumbe kapu la utepe ndilo mchumba humpelekea binti siku ya sikukuu! Tena mchumba aliyekwisha kukubaliwa. Mimi hata kuomba nimeruka. Mama ananiuliza, "Wewe Mondher, umemposa Yosr kwa bakuli langu?" Baba kacheka mpaka katoka nje.

Nilivaa viatu niende kuwaambia ukweli. Kisha nikafikiri. Nani atamnyima shemeji yake Lyon? Nikavua viatu.

Jumatano, 12 Oktoba
Usaili. Wameitwa wote isipokuwa mimi. Nikagonga mlango. Madame akaniambia kwa upole, "Mondher, wewe sasa ni wa nyumbani. Nikikusaili, watu watasema nini? Jina lako nimeliondoa." Nikamwambia mimi si wa nyumbani, ule ulikuwa uji tu. Upole ukaisha. Akaniuliza kama nimekuja kumchezea mdogo wake. Nikasema hapana. Akauliza, kwa hiyo mimi ni wa nyumbani?

Lyon kapata Ghassen. Kaja kunipa mkono, eti nisijali, atatuletea zawadi ya harusi. Nimeumia, sijui niseme vipi. Ningeweza hata kusoma!

Alhamisi, 13 Oktoba
Yosr amekuja mwenyewe. Kawaambia kwao haolewi na mtu aliyeposa kwa uji wa mama yake. Manukato kabaki nayo, kwa usumbufu. Bakuli karudisha, tena tupu. Hapa mjini bakuli la jirani halirudi tupu hata mkiwa mmegombana. Mama kalililia bakuli kuliko alivyonililia mimi.

Nikakimbia kwa Madame kumwambia mimi si wa nyumbani tena. Akasema analijua hilo, na akafunga mlango.

Jumatatu, 17 Oktoba
Tangazo jipya! Nafasi moja ya kwenda Dakar. Anayechagua ni Bwana Triki. Safari hii nimefanya uchunguzi kwanza, maana si mjinga mimi. Hana binti. Hana dada. Hana hata mpwa. Anaishi na mama yake tu, mjane, mwanamke mchangamfu sana kwa umri wake.

Nimerudi Bab Jedid. Kapu la utepe lilikuwa limebaki moja. Mwenye duka kanishika tena mkono, kwa mikono yote miwili.