Kamati ya Miili Iliyopumzika

Kwa furaha kubwa, wananchi wa Unguja walitangaziwa kuundwa kwa Kamati ya Miili Iliyopumzika, itakayochunguza namna wazee wasiofanya mazoezi wanavyoiona miili yao. Mzee atakayethibitika kuchoka atapewa chumba cha chini katika nyumba za wakfu, asipande ngazi tena. Ili kuwarahisishia wazee huduma, Kamati ilipewa ofisi Mji Mkongwe, ghorofa ya tatu, kwenye nyumba ya ngazi za mbao zilizosimama wima kama ukuta, na kamba ya kushikia.

Bi Salhiya, mjane, aliposikia alimshukuru Mungu. Alikaa juu kabisa katika nyumba ya wakfu, na Ramadhani ilikuwa inabisha hodi. Magoti yake yalimruhusu kushuka mara moja tu kwa siku. Akishapanda kwenda kufuturu, basi. Sala ya tarawehe huisikia dirishani, imamu yuko kule, yeye yuko huku. Chumba cha chini cha nyumba hiyo kilikuwa kitupu. Alikitaka.

Akaenda kwa Kamati, bismillahi kila ngazi. Juu alimkuta Katibu, kijana Wakil, pembeni ya kiti kikubwa cha Mwenyekiti kisichokuwa na mtu.

"Shikamoo, Bi."

"Marahaba, mwanangu. Ngoja roho irudi."

"Unafanya mazoezi?"

"Sifanyi."

"Mwili wako unauonaje?"

"Sijauona siku nyingi. Nnauvaa tu."

"Asubuhi je?"

"Naamka mimi kwanza. Wenyewe unaamka baadaye."

Wakil akaandika, kisha akahukumu kwa upole. "Umefika ghorofa ya tatu, Bi. Kwa mujibu wa kanuni, aliyefika ni mzima."

"Na asiyefika?"

"Huyo hakuhudhuria. Tunamhesabu kuwa amekataa huduma."

Kwa utaratibu huo Kamati ilikuwa imeshagundua kwamba Unguja nzima haina mzee hata mmoja aliyechoka, na pongezi zilikuwa njiani.

Bi Salhiya akashuka kinyumenyume, anakiwaza kile kiti kitupu. Chini, barazani, akamkuta mwenye kiti: Mheshimiwa Mudrik, mzee wa rika lake, kikombe cha kahawa kimetulia juu ya tumbo kama juu ya meza.

"Nilikuwa winga wa kushoto," anawahadithia watu. "Mpaka leo mwili huu ni ule ule."

"Na mazoezi?" akauliza muuza kahawa.

"Ya nini? Mwili ukishazoea mbio, hausahau."

"Mheshimiwa," akasema Bi Salhiya, "Katibu wako kanambia mimi mzima. Nataka nilisikie neno hilo kwako, juu, kwenye kiti chako. Ngazi hizi kwa winga ni kitu gani?"

Baraza zima likamtazama. Angefanyaje? Akaweka kikombe, akatangulia.

Ngazi za mwanzo alizipanda akicheka. Zilizofuata, akivuta kamba. Kwenye kona, kabla hata ya ghorofa ya kwanza, akakaa kitako, kanzu imelowa, kamba kaikumbatia. Hapandi, hashuki. Bi Salhiya akakaa ngazi ya chini yake.

"Umefika, Mheshimiwa?" Wakil aliuliza kutoka juu.

"Nimefika hapa."

"Kwa mujibu wa kanuni, hapo hujahudhuria."

Mwenyekiti akafikiri kama kiongozi. "Andika kanuni mpya. Mzee aliyekwama kwenye ngazi athibitishwe hapo hapo alipokwama. Lete nitie saini, ianze sasa hivi."

Wakil akashuka na karatasi. Hapakuwa na meza, akatia saini juu ya goti la Bi Salhiya, lile lile linalouma.

"Na mimi nimekwama, mwanangu," akasema Bi Salhiya. Wala hakuwa anasema uongo; njia nzima ya kupanda ilikuwa imezibwa na Mwenyekiti.

Wakil akaitazama saini, wino haujakauka. "Umethibitika, Bi. Chumba ni chako."

"Alhamdulillahi. Haya, mhudumie na huyu."

Wakil akachuchumaa mbele ya mkubwa wake, kalamu mkononi. "Mheshimiwa, mwili wako unauonaje?"

Mheshimiwa akainamisha kichwa. Akaliona tumbo, akayaona magoti, na mbali kule, viatu.

"Leo," akasema, "nnauona wote."