Dampa ya Dhahabu na Kona za Kushoto

Jumatatu, 3 Juni

Nimeanza shajara mpya kwa sababu nina adui. Adui ni shemeji, kaka wa mke wangu. Jana alikuja kutusalimia, akaikalia pikipiki yangu bila kuomba, akauliza kama kiti kinaweza kushushwa. Anajua! Mke wangu kamwambia!

Kisa chenyewe ni hiki. Juzi Jumamosi nilimpakia mke wangu kwenda kwa mama yake. Barabara nyoofu, pikipiki inanguruma, mimi nimelala juu ya tangi kama wanavyolala wanaojua. Ghafla usukani ukaanza kutikisika mikononi. Kushoto, kulia, kushoto, kulia! Nilitulia kishujaa. Mke wangu anadai nilimwita mama yangu mzazi. Tuliposhuka alivua kofia ngumu, akajifuta uso, akasema taratibu: “Ikitikisika hivi tena nikiwa nyuma, inakwenda kwa kaka yangu. Jumapili ya wiki ijayo tunarudi kwa mama. Tutaona.”

Kadi ya pikipiki ina jina la mke wangu. Ni kosa la zamani, tusilifukue.

Siku sita. Pikipiki hii ya mbio niliisubiri miaka kumi na moja. Ikiondoka nitalia, naandika wazi kwa kuwa humu hasomi mtu.

Jumanne, 4 Juni

Nimekwenda kwa fundi wa pikipiki, mama mmoja mfupi ambaye mtaa mzima unamwita Mama Spana. Hakuuliza kitu. Alisimama mbele ya pikipiki, akashika shokapu za mbele kwa mikono miwili, akavuta, akasukuma. Kok, kok. “Shingo ya usukani imelegea, baba. Beringi zinacheza. Niachie saa mbili tu.”

Saa mbili! Tatizo lililotaka kuvunja ndoa, yeye analimaliza kwa saa mbili! Nilimshukuru nikaondoka. Isitoshe, beringi ziko ndani, hazionekani. Shemeji akija nitamwonyesha nini? Hewa?

Mimi nimeshasoma. Wakimbizaji wa kweli wanafunga dampa. Ni kama shokapu ndogo, upande mmoja unashika fremu ya pikipiki, upande wa pili unashika usukani, na mafuta yaliyomo ndani yanauzuia usukani kuhangaika. Mama Spana hakuitaja hata kidogo. Nadhani hajaisikia.

Jumatano, 5 Juni

Siku ya kuchagua. Nimefunga duka mapema nikiwa nimebandika karatasi kwamba nimekwenda kuchukua vioo. (Kazi yangu ni kufremu picha. Nimezoea milimita, ndiyo maana mambo haya hayanitishi.)

Muuza vipuri aliweka dampa mbili juu ya kaunta. Moja ya mviringo, inakaa juu katikati ya usukani, nyeusi, ina sura ya kopo la dawa ya viatu. Ya pili ya fimbo, inakaa ubavuni, rangi ya dhahabu. Dhahabu! Alianza kunieleza tofauti zake nikamwambia nimeshaelewa.

Aliuliza kama nimepima usukani ukiwa umegeuzwa mpaka mwisho kulia, kisha mpaka mwisho kushoto. Nilimjibu kwamba nimepima ukiwa umenyooka, mara tatu, na vipimo vyote vitatu vimelingana. Aliniangalia kwa muda mrefu. Watu wa kazi hutambuana.

Ina kitufe cha kuzungusha chenye hatua ishirini na moja, kutoka laini hadi ngumu. Nitaweka ishirini na moja. Sioni kwa nini mtu anunue hatua ishirini na moja atumie kumi.

Alhamisi, 6 Juni

Nimefunga! Mwenyewe! Kwa mikono hii!

Nilifanyia kazi nyuma ya duka, kati ya fremu ya bwana harusi na cheti cha daktari wa meno. Fimbo ya dampa inaingia na kutoka. Ikiwa imetoka nusu inaonekana kama kazi ambayo haijakwisha, kwa hiyo niliisukuma ndani yote ndipo nikakaza bolti. Imekaa sawasawa, bila nafasi hata ya karatasi. Imebaki nati moja. Kiwanda kikubwa huongeza nati ya akiba.

Nimejaribu usukani. Umetulia! Kulia unakwenda, mzito, wa heshima. Kushoto unakwenda upana wa kidole, basi. Utalainika.

Ijumaa, 7 Juni

Haujalainika.

Nimetoka nyumbani saa moja na nusu kwenda dukani. Mwendo wa dakika kumi. Kwenye kona ya kwanza ya kushoto pikipiki ilikataa, nikaingia kwenye uwanja wa muuza gesi, nikamsalimu kana kwamba nilikuwa nakuja kwake. Ya pili, nikaingia kwa kinyozi. Nilifika saa tatu.

Ila sikulemewa. Mchana nilichora ramani nyuma ya kadibodi ya fremu. Ukigeuka kulia mara tatu umekwisha kugeuka kushoto! Nashangaa watu wanahangaika na kushoto kwa nini. Kwa mama mkwe kuna kona nne za kushoto, sawa na kona kumi na mbili za kulia. Tutatoka mapema. Nitamwambia mke wangu nataka kumwonyesha mji.

Jioni shemeji alipita tena. Alitazama dhahabu ile, akainama kuikagua. Akainama kabisa! Akauliza ni ya nini, nikamwambia ni mambo ya mwendo, hayaelezeki kwa mtu mwenye pikipiki ya kubebea kreti za soda. Nalala nikitabasamu.

Jumamosi, 8 Juni

Leo nimekwenda kazini kwa miguu ili dampa ipumzike. Pia vidole gumba vinaniuma.

Nimerudi nikamkuta Mama Spana barazani kwangu anakunywa chai na mke wangu, mikono yote grisi. Mke wangu akasema amepita tu kusalimia. Kusalimia! Amekuja kuiona dampa! Habari zimemfikia, na mtu mzima kama yule kakubali kutembea mtaa mzima kuja kujifunza. Sikutaka kumwaibisha, nikaingia ndani moja kwa moja. Wakacheka. Kicheko cha mtu aliyeshindwa hujulikana.

Ramani yangu nimeikuta mezani, imewekewa sahani ya karanga juu.

Jumapili, 9 Juni

Ushindi! Ushindi! Ushindi!

Haikutikisika. Barabara nyoofu ile ile, mwendo ule ule, na zaidi. Usukani kama umechongwa kwenye jiwe. Mke wangu nyuma hakunifinya hata mara moja. Shemeji alitufuata na pikipiki yake ya kreti, nikamwona kwenye kioo akipungua, akipungua, akawa nukta.

Na ajabu zaidi. Kwa furaha nilisahau ramani nikakata kushoto. Ikakata! Nikajaribu tena. Ikakata tena! Nilipiga kelele ndani ya kofia. Dampa imeiva!

Kwa mama mkwe niliwakusanya wote uani. Niliwaeleza mafuta, fimbo, hatua ishirini na moja. Mama mkwe alileta kigoda akaketi. Shemeji alikuwa amefika, kichwa chini. Nikainama kuwaonyesha.

Haikuwepo.

Mke wangu akanivuta pembeni, karibu na kamba ya nguo. “Iko stoo, kwenye boksi lake. Mama Spana aliitoa jana, akakaza shingo.” Nikamuuliza kwa nini, wakati angeweza kuniacha nishindwe. Akasema kaka yake anaendesha vibaya kuliko mimi, na kwamba yeye mwenyewe akinisikia nikiimba jikoni asubuhi hujua pikipiki bado ipo, na hataki wimbo huo ukome. Kisha akarudi akawaambia wote kwamba pikipiki haiendi kokote.

Macho yaliniwasha. Vumbi la uani.

Jumatatu, 10 Juni

Nimelifikiria usiku kucha na nimepata jibu.

Dampa ilikaa kwenye pikipiki siku mbili nzima, ikiwa kwenye ishirini na moja. Ikaondolewa. Pikipiki ikaendelea kutulia. Maana yake ni nini? Pikipiki imejifunza! Kule kukaza shingo ni adabu za kawaida tu, sikatai, bi mkubwa yule amejitahidi. Lakini tabia haibadilishwi na spana.

Sasa fikiria mji huu una pikipiki ngapi zinazotikisika. Na dampa ninayo, iko boksini, haina kazi. Siku mbili kwa kila pikipiki. Asubuhi nimetengeneza kibao cha duka, herufi nyekundu, fremu ya mninga: PICHA, VIOO, NA MALEZI YA PIKIPIKI. Shemeji mwenyewe ameniomba nimwanzie. Mwenyewe! Analeta yake Alhamisi.

Mke wangu alipita kuniletea chakula, akakisoma kibao mara mbili, akacheka hadi akashika ukuta. Miaka kumi na tano ya ndoa, na bado najua kumfurahisha.