Barua ya Tatu Kwenda Ilula

Tegeni masikio, enyi watu wa Iyunga hapa Mbeya, nanyi nyote mpitao barabara kuu! Aliyebandika maharage na ayaepue kwanza, maana habari hii ni nzito na sitaki lawama za sufuria. Nawasimulia vita vya Rabson Mwakalinga, Simba wa Mafaili, Bwana wa Muhuri, karani mstaafu wa idara ya elimu aliyepigana na makabrasha miaka thelathini asijeruhiwe ila na pini. Na jinsi alivyoishinda karatasi moja ya mistari.

Asukile, fundi magari, mtoto wa marehemu kaka yake, alimpenda Lea, binti wa Joachim Mgimwa, mkulima wa nyanya wa Ilula. Posa huanza kwa barua, na barua hupelekwa na mshenga. Nani aandike? Jamani, swali gani hilo! Rabson alishachomoa kalamu, kifuniko amekibana kwa meno.

Barua ya kwanza ikatoka na silaha zote: "YAH: MAOMBI YA KUPATIWA BINTI LEA. Husika na kichwa cha habari hapo juu." Ilikuwa na kumbukumbu namba, hoja kumi na mbili, kila hoja na vifungu (a) hadi (f), na nakala kwa mwenyekiti wa mtaa. Mshenga Ezekia, Miguu Isiyochoka, akaivuka Makambako, akaivuka Mafinga, akaipita Iringa, akafika Ilula. Siku ya tatu akarudi nayo. Nyuma yake Joachim alikuwa ameandika: "Hapa ni nyumbani kwangu. Ofisi iko mbele kidogo."

Lahaula! Shujaa akafura, akatupa hoja, akashika machozi. Barua ya pili ikatangaza kwamba Asukile hali, hanywi, wala halali, na kwamba akimkosa Lea jua halitachomoza tena juu ya Mbeya. Hiyo nayo ikarudi. "Simpi binti yangu mgonjwa," aliandika Joachim. "Ya tatu ikiwa kama hizi, ya nne msihangaike."

Asukile, ambaye mchana huo alikuwa amemaliza sahani mbili za wali, akainamisha kichwa.

"Baba mdogo," akasema, "mimi Lea nampenda kweli. Naomba usinimalize."

Rabson aliona aibu, tena aibu ya kweli. Akaketi mezani, akainua kalamu juu, akaihutubia kwa sauti iliyofika kwa jirani: "Ewe kalamu! Wewe uliyewatetemesha wakuu wa idara, wewe uliyeamuru magunia ya chaki yakatii! Leo waniacha peke yangu mbele ya mtu mmoja wa nyanya?"

Mkewe Tumpe alikuwa anamenya ndizi, wala hakuinua uso.

"Baba Goodness, acha makelele. Goodness wetu alipoposwa, wewe ulitaka kusikia nini?"

Simba akaishusha kalamu. Barua ya posa ya Goodness ilikuwa ya Kiswahili kitamu, naye hakuisikia hata neno. Alikuwa anajiuliza jambo moja tu: mwanangu akiugua huko Songea, nani ataniambia?

"Nilitaka kujua atakuwa mikononi mwa nani," akasema polepole.

"Haya. Mwambie na mwenzio."

Hapo ndipo vita vilipowaka! Mkono, kwa mazoea yake, ukaandika "Husika na", Rabson akayakata. Kifungu (a) kikachomoza, naye akakifyeka shingo kabla hakijamwita ndugu yake (b). Jua na machozi vikafukuzwa visirudi. Jasho lilimtoka, karatasi nne zikaanguka sakafuni, na mwisho yakabaki maneno haya:

"Ndugu Joachim, nami nina binti aliyeolewa mbali, najua unachoogopa. Asukile si msemaji, na chakula anakula vizuri sana; pale nilidanganya. Ila mama yake alipolala kitandani miezi minane, yeye ndiye aliyemfulia nguo. Lea akiugua nitakupigia simu mwenyewe, siku hiyohiyo. Msimu wa nyanya watakuja wote wawili, na matenga atabeba Asukile. Tunaomba tuje."

Ezekia akaigeuza huku na huku. "Ndiyo hii tu, mzee? Muhuri je?"

"Hakuna. Nenda," akasema Rabson, na moyo ukamuuma kidogo kwa ajili ya muhuri.

Siku ya tatu Ezekia akashuka kwenye basi pale Iyunga, tenga la nyanya begani na karatasi mkononi. Asukile aliipokea, akamnyooshea baba yake mdogo bila kuikunjua. Rabson akaichukua, akakohoa, akasoma mbele ya watu wote waliokuwepo kituoni:

"YAH: LEA. Husika na kichwa cha habari hapo juu. Njooni Jumamosi. Nakala: Mama Lea, aliyelia alipofika kwenye zile nguo."

Asukile alikaa chini palepale, kwenye vumbi, akacheka huku anafuta macho. Basi na iandikwe, wajukuu wa Iyunga wasome: katika zama zetu alikuwepo Rabson Mwakalinga, aliyeandika barua isiyo na kifungu (a), na akajibiwa ndiyo.