Kuhusu Mdogo Wako na Taa ya Mlango wa Gari Langu

Shemeji Mkubwa, kaka wa mke wangu na msemaji wa ukoo wenu,

Salamu nyingi. Sisi huku wazima, mgonjwa ni gari. Nakuandikia kwa heshima zote, na kwa kalamu ya kuazima, kukuomba uje umchukue mdogo wako kabla ya Jumamosi, siku tunayokwenda kwenye harusi ya mjukuu wangu. Alikuja kututembelea wiki moja. Wiki hiyo sasa imeota ndevu. Lakini simfukuzi kwa chuki. Sababu zangu ni za kitaalamu, na nazipanga kwa namba usije ukasema shemeji yako hakusoma. Nilisoma, shule ndiyo iliyonichoka.

1. Mbele ya dereva kuna taa ndogo nyekundu yenye picha ya gari lililotanua milango kama kuku anayetaka kuruka. Ikiwaka, maana yake kuna mlango haujafungwa sawasawa. Sasa yangu inawaka milango yote ikiwa imefungwa, na kengele inalia juu yake. Dada yako anasema kosa ni langu, nabamiza milango. Ukoo wenu una kipaji cha kumpata mkosaji haraka.

2. Nikamwendea fundi umeme wa magari. Akanieleza kwamba kila mlango una swichi yake, kitufe kinachobonyea mlango ukifungwa, na swichi zote zinawasha taa ileile moja, kwa hiyo taa haisemi ni mlango upi. "Mzee," akasema, "dawa yake ni kuchomoa moja moja. Ile utakayoichomoa taa ikazima, huyo ndiye mbaya wako." Nikaondoka kabla hajashika bisibisi, maana kanuni nilikuwa nimeshaielewa.

3. Swichi sikuzigusa, zina skrubu zenye kutu. Nilichomoa abiria. Niliwapakia wote, nikaendesha mpaka kona ya duka la dawa, taa inawaka. Nikamshusha dada yako. Inawaka. (Aliyoniambia pale barabarani siyaandiki, karatasi hii nimeichana kwenye daftari la mtoto wa shule.) Nikamshusha jirani yetu mshona nguo, ambaye aliomba lifti tu, masikini. Inawaka. Nikamshusha mdogo wako. Ikazima. Nikampandisha, ikawaka. Nikamshusha tena, nikampandisha tena, mpaka akaniuliza, "Shem, kwani tunafanya mazoezi?"

4. Hapa wewe, kwa akili zako, utaniuliza: yeye hukaa kiti cha nyuma, katikati, kichwa amekichomeka kati ya viti vya mbele. Hagusi mlango wowote. Anaiwashaje? Nami nilijiuliza hivyo hivyo, nikapata jibu nikinyoa. Gari halisemi uongo. Linasema kuna kitu kiko wazi, na kweli kipo. Ni mdomo wake. Hufunguka tukitoka getini. "Shem, breki hiyo." "Shem, huyo wa baiskeli umemwona?" "Shem, mimi ningepita kulia." Kufungwa ni mpaka tushuke. Na huyu mtu hana leseni, Shemeji. Hata toroli hajawahi kuliegesha likakaa sawa.

5. Usidhani sikujaribu kutengeneza mwenyewe. Nilimpa mkate mkavu, akatafuna huku anaongea. Nilimwomba afumbe macho, akaanza kunishauri kwa kusikiliza injini. Ilifika mahali nikiwa naye naendesha nimelalia mlango wangu kama mgonjwa, bega lote limebanwa kwenye kioo, ili tu sikio likae mbali naye. Wapi. Taa ndiyo kwanza inawaka.

6. Kwa hiyo si mimi ninayemkataa. Ni umeme, na umeme hauangalii huyu shemeji wa nani. Naomba umchukue, au mniletee shemeji mwingine mwenye swichi nzima. Ukoo wenu mkubwa, hamkosi. Nilifikiria kumweka kwenye buti, lakini fundi anasema na huko kuna swichi.

Wasalimie wote hapo, wanaonipenda na wale walioipinga posa yangu, nasikia bado wanaendelea.

Ni mimi, mwenye mashaka ya umeme,
Mume wa dada yako.

N.B. Kabla sijafunga bahasha, fundi alipita. Akanikalisha garini peke yangu. "Mzee, egemea mlango kama unavyoendesha." Nikaegemea, ikawaka. "Kaa wima." Ikazima. Akafungua mpira wa mlango wangu, akanionyesha waya wa swichi umechunika, shaba inagusa bodi kila ninapomkwepa mdogo wako. Eti umechunika kwa sababu kuna mtu anabamiza mlango. Dada yako alikuwa amesimama hapo hapo, akacheka kwa adabu, na hiyo ndiyo iliyoniuma.

Fundi akaenda kutafuta waya, hajarudi. Ule uliochunika ukang'ang'ania kwenye bodi moja kwa moja, taa ya ndani ya gari ikakesha, betri imelala, na leo ndiyo Jumamosi. Kwa hiyo ile safari ya kuja kumchukua iahirishe, hata mwaka mzima. Namalizia barua hii nikiwa kwenye usukani. Mdogo wako yuko nyuma anasukuma, peke yake, ana nguvu kijana huyu, na bado anaongea. Ameniuliza naandika nini. Nimemwambia namsifia kwako. Akikuuliza, jibu ni hilo.