Mjomba, Mfenesi na Ufalme wa Silla

Jumatatu, 5 Mei 2025
Twalibu kaangua tena fenesi la mpakani. Lile kubwa, nililokuwa nalibonyeza kila asubuhi. Nimemwendea. Kasema mti umesimama kwake. Nimemwambia matawi yako kwangu. Kacheka, kanikatia kipande. Nimekila kwa hasira. Twalibu ni mtoto wa mama mdogo, tunalima shamba moja la ukoo hapa Kinole, na tangu utotoni mimi nikinuna yeye hucheka.

Jioni kwa Athanas kinyozi, mwenye televisheni. Tamthilia ya Kikorea ya falme za kale, imetiwa Kiswahili. Silla ufalme mdogo, umebanwa na Baekje huku, Koguryo kule. Mfalme akafanya nini? Akatuma wajumbe na zawadi China, kwa watawala wa Tang, akajishusha, akaomba jeshi. Baekje ikaanguka! Athanas anasema ni historia ya kweli. Basi ukungu ulikuwa umekaa mlimani kutwa, sola ikaisha, picha ikakatika hapohapo. Haidhuru. La muhimu nimeliona.

Jumatano, 7 Mei
Nimepata Tang wangu. Mjomba Kibwana, kaka wa mama zetu, yuko Kisaki. Kwetu ardhi ni ya upande wa mama, na neno la mjomba ndilo la mwisho. Hajapanda huku miaka mingi. Nimemtumia jogoo, mkungu wa ndizi na pilipili manga. Na ujumbe: shikamoo mjomba, sisi watoto wako tumekosa mwongozo. Zuleha, mke wangu, kauliza kwa nini tusigawane tu mafenesi na Twalibu. Zuleha hafuatilii tamthilia.

Jumamosi, 10 Mei
Mjomba kafika. Kasikiliza pande zote mbili, kakalia kiti changu. Hukumu: Twalibu kavuka mpaka, aondoke shambani mpaka atakapoitwa. Ushindi! Mimi nimepewa cheo, Msimamizi wa Shamba. Shamba nilikuwa nalo siku zote, lakini cheo sikuwa nacho.

Twalibu kafunga virago, anakwenda Dumila kuuza vitunguu. Hakucheka. Kaniachia panga lake, kasema langu butu. Chakula cha usiku kimenishinda.

Jumanne, 13 Mei
Mjomba bado yupo. Leo kawasili mkewe na masufuria na mbuzi. Mbuzi wamewekwa upande wa Twalibu, wanatafuna migomba yake. Chumba chetu wamepewa wageni. Mimi na Zuleha tunalala jikoni, naye haongei nami. Mjomba kaangua fenesi, nikasimama karibu nikingoja kipande. Kasema mfenesi ni wa ukoo, na ukoo ni yeye. Msimamizi wa Shamba nikapewa kazi ya kutupa maganda.

Twalibu angenikatia.

Alhamisi, 15 Mei
Jua limetoka, sola imejaa. Kwa Athanas. Laiti ukungu ungebaki! Tang waliiangusha Baekje, wakabaki. Wakaiangusha Koguryo, wakabaki. Mfalme wa Silla naye wakampa cheo cha gavana, ndani ya nchi yake mwenyewe. Nilitaka kuondoka lakini kichwa kilikuwa kimenyolewa nusu. Athanas kauliza mbona nalia. Nimesema nywele zimeniingia machoni.

Mwishowe Silla ikawapokea watu wa Koguryo, maadui wa jana, wakapigana pamoja mpaka Tang wakatoka. Athanas kazima mashine, kasema nimpigie Twalibu. Kinyozi huyu anapenda kuingilia mambo ya watu.

Jumapili, 18 Mei
Kapiga Twalibu mwenyewe. Kauliza kama panga linanifaa. Kasema nauli anayo, atapanda kesho, tumwendee mjomba pamoja, tuombe radhi, tugawane mafenesi kama zamani. Nilimwambia kosa ni langu lote, na kwamba nyumba imepooza bila kicheko chake. Kila neno nimelisema kwa moyo.

Halafu nikamwambia abaki kwanza Dumila, asipoteze nauli. Maana yupo Mama mkubwa Mwanaheri, dada yake mjomba, ndiye aliyemlea mjomba tangu mdogo. Mjomba akimsikia tu anarekebisha msuli. Jogoo wangu wa mwisho ameshakwenda kwake Matombo na salamu za unyenyekevu. Twalibu akasema haya, akakata simu.

Jioni jibu limekuja. Mama mkubwa anafika kesho. Mleta habari kasema amefungasha kinu, godoro na kitanda chake. Nimelala jikoni na furaha. Mtu anayekuja na kitanda, huyo amedhamiria kusaidia.