Nyumba ya Kukunja Kwenda Tosamaganga

Jumatatu, 5 Agosti 1957. Mbeya.

Tela limeingia uani! Jailos amelivuta kwa lori lake kutoka kwa yule Mzungu mpima ardhi aliyerudi kwao. Mzungu hakulitaka tena, kuku walikuwa wanalala ndani. Ukilitazama ni sanduku la bati lenye magurudumu mawili, basi. Lakini fungua vifuniko! Kimoja kinalala kushoto, kingine kulia, vinageuka vitanda, na katikati turubai linanyanyuka juu ya pau za chuma. Nyumba! Unaikunja, unaondoka nayo. Nimeikunja na kuikunjua mchana kutwa. Mke wangu Damari ameniita kula, akachoka, akala peke yake.

Nimeamua. Nitampeleka Baba Iringa humu. Dada yangu Esta, aliyeolewa Tosamaganga huko Iringa, amejifungua mtoto wa kiume na amempa jina la Baba. Macho ya Baba yanaingia ukungu, na hospitali wamesema hautaondoka. Kutwa anauliza lini atamwona mjukuu, maana anaogopa kumpapasa tu kama kipofu. Damari naye atakuja, amsaidie Esta na kazi za uzazi. Tayari naona yote: tumesimama kilimani, jua linashuka taratibu, birika linachemka, Baba anacheka mlangoni mwa nyumba yangu.

Jirani Yotamu, fundi cherehani, amechungulia juu ya ua akauliza kwa nini nisiwapandishe basi. Kuna watu hawakujaliwa ndoto.

Jumatano, 7 Agosti.

Siku ya kazi! Jailos atatuvuta, lakini lazima apitie Rujewa kupakia mchele. Njia ya huko Usangu si njia, ni mifereji ya kwato za ng'ombe. Tela la Mzungu liko chini mno, lingekwaruza tumbo njia nzima. Kwa hiyo nimehamisha springi. Zilikuwa chini ya ekseli, sasa zimekaa juu yake. Nimefunga magurudumu ya lori bovu. Tumboni nimepigilia bati la pipa, mawe yagonge mpaka yachoke.

Limepanda juu hasa. Damari amesema limekuwa kama kuku anayevuka matope. Jailos amelizunguka, akalisukuma kwa bega, likayumba, akalisukuma tena. Nimemwambia asubiri alione barabarani.

Mchana nimejilaza ndani kujaribu. Upepo ulipapasa turubai, na harufu ya moshi wa jikoni ikaingia. Nilijiona mbali sana, sina jirani. Sijui nililala saa ngapi.

Alhamisi, 8 Agosti.

Balaa! Damari aliniuliza Tata, yaani Baba, atalala wapi. Nikasema kitanda cha kushoto. Akauliza na yeye je? Nikasema kulia, pamoja nami. Ungo ukamtoka mkononi, maharage yote chini.

Mimi ni mjinga. Kwetu Wanyakyusa mkamwana na baba mkwe hawaonani. Damari akisikia Baba anakohoa njiani huzama migombani mpaka apite. Hata jina la Baba halitamki, ndiyo maana mtoto wa Esta, mwenye jina hilo, yeye humwita "yule mdogo". Baba alibatizwa angali kijana, nyimbo za kanisani anazijua bila kitabu, lakini jambo hili hajakubali kulilegeza. Tangu nioe, wameishi kijito kikiwa katikati yao. Nami nimewatandikia chini ya paa moja! Nilikuwa nafikiria springi tu.

Damari amesema haendi. Halafu ameingia ndani akalia kidogo, kwa sababu alishamwahidi Esta. Nimejisikia vibaya mpaka chai ya jioni. Baada ya chai nimepata wazo.

Ijumaa, 9 Agosti.

Nyumba mbili! Nimekata turubai la paa katikati. Sasa ni mapaa mawili yaliyokaribiana sana. Kati yake ukuta wa turubai, na kila upande mlango wake. Mahakama yoyote ingekubali.

Kwa bahati mbaya ukuta lazima ushonwe, na mwenye cherehani ni Yotamu. Alishona akicheka, sindano ikimkatikia. Aliniuliza kama nitachimba na kijito cha kupita katikati. Niliendelea kumshikia turubai.

Nilimleta Baba. Alipapasa ukuta juu mpaka chini, akabisha hodi juu yake, akanusa uzi. Kisha akasema kama huyo mtu wa upande wa pili hataonekana wala kusikika, basi yeye atakwenda, maana ukungu haumsubiri. Damari, aliyekuwa nyuma ya choo, alimtuma mtoto wa jirani aje kusema kwamba naye amekubali. Ndaga, asante Mungu wangu!

Jumamosi, 10 Agosti.

Jambo moja la mwisho. Makomeo ya Mzungu ya kufungia vifuniko yalikuwa magumu, yanahitaji mikono miwili na hasira. Nimeyatupa. Badala yake nimefunga springi za kitanda. Unavuta kamba moja tu na nyumba inafunguka yenyewe, pwaa! Nimemwonyesha Yotamu. Amerudi nyuma mpaka kwenye ua. Hiyo kwangu ni sifa.

Jumatatu, 12 Agosti. Bonde la Usangu.

Naandika nimekaa juu ya pipa.

Tuliondoka vizuri mno. Baba alipanda kwanza, kushoto, na kofia yake ya Jumapili. Kisha Damari kulia, amejifunika kanga mpaka puani, mgongo ameupa ukuta. Nikafunga vifuniko juu yao. Matundu ya hewa nilishatoboa. Mimi nikakaa mbele na Jailos. Watu wa Chimala walisimama kutushangaa, nami niliwapungia mkono. Milima upande wa kulia ilikuwa ya buluu, laini, na nilifikiri safari isiishe.

Tukaiacha barabara kuu kufuata njia ya Rujewa. Gurudumu likaingia mferejini. Pwaa!

Nyumba ilifunguka yenyewe, tukiwa mwendoni. Vifuniko viliruka, pau zikasimama, ng'ombe wa Wasangu wakatawanyika bonde zima. Ekseli ikakatika. Ukuta wa Yotamu ulipasuka juu mpaka chini. Nilipofika nyuma, Baba na Damari walikuwa wameporomokea kitanda kimoja, uso kwa uso, na kanga iko juu ya kofia ya Baba.

Damari aliruka akapotelea kwenye matete. Baba alishuka upande mwingine, akalipa bonde lote mgongo. Nilipiga kelele kwamba kipande cha ukuta bado kipo. Kutoka matete Damari alijibu kwamba nisimsemeshe. Baba alisema polepole kwamba nuru aliyobakiwa nayo ni ndogo, alikuwa anaitunza kwa ajili ya mtoto, na mimi nimeitumia kumwonyesha asichopaswa kuona. Nilitamani ardhi inimeze. Nilimwomba msamaha, akawa anakung'uta kofia yake.

Jailos ndiye aliyepanga. Baba mbele, karibu na dereva. Damari nyuma, juu ya turubai la mizigo, ametazama tulikotoka. Katikati yao kuna bati la lori. Wakakubaliana bila kuambizana, wakaondoka.

Mimi nimebaki kulinda tela.

Alhamisi, 15 Agosti. Hapo hapo.

Mchungaji mmoja wa ng'ombe, Msangu, ananiletea maziwa. Amekubali kwamba tela ni zuri. Mchana bonde linatetemeka kwa joto na ng'ombe wanaonekana wanaelea. Nimelala sana. Nimeota tela linapanda mlima bila lori, na ndani yake kila mtu ana dirisha lake.

Jumamosi, 17 Agosti.

Jailos amepita! Ametoka Iringa, amepakia Rujewa, na anarudi Iringa leo hii hii.

Walifika salama. Kila asubuhi Damari humlaza mtoto kwenye mkeka kizingitini, hugonga mlango, huondoka. Kisha Baba hutoka, humchukua, humgeuzia kwenye jua. Siku ya kwanza alimtazama mpaka mtoto akachoka akalala. Alisema mtoto ana masikio kama yangu mimi. Jailos anasema mzee alilia, na yeye mwenyewe akaenda kujifanya anakagua tairi.

Nami nimelia, hapa juu ya pipa. Ameona!

Baba amenitumia neno. Hana kinyongo. Ukungu umeongezeka, na anataka kutuona mimi na mtoto mahali pamoja, maadamu bado anaona. Niache bati hilo, nije. Jailos akanifungulia mlango, kiti kikiwa wazi, injini ikinguruma.

Nilimtazama Jailos kwa huruma. Hajui kwamba kosa nimeligundua. Ukuta! Nyumba moja haigawanyiki. Yanatakiwa matela mawili, moja nyuma ya jingine: la mbele la Baba, la nyuma la Damari, na mchungaji wangu anajua mahali palipotupwa mkokoteni mzima kabisa.

Nimemwambia Jailos atangulie. Amwambie Baba avumilie kidogo na macho yake, nakuja kumchukua.